Vipande vya fundi cherehani vishonwe mfarishi, na tuanzie pembeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na mafundi cherehani, viongozi wa vikundi vya akina mama na walimu wa ushonaji. Jioni ikifika, karibu kila kibanda cha fundi hufagiwa mfuko mzima wa vipande vya vitenge, khanga na bitana. Mfuko huo huishia jalalani au kwenye moto nyuma ya kibanda. Humo mna pamba nzuri isiyowahi kuvaliwa hata siku moja. Na humo humo mna poliesta, ambayo ikiungua hutoa moshi mweusi ambao jirani hawezi kuukwepa.

Watu wanajua kwamba vipande hushonwa mfarishi, yaani shuka nene la viraka la kujifunika, na vikundi vingi vimejaribu. Wengi hukwama njiani, na kinachowakwamisha ni njia waliyofundishwa: kukata miraba iliyo sawa kabisa, kuiunga kwa cherehani, kununua pamba ya kujazia, kisha kutandaza tabaka zote tatu juu ya meza pana na kuzipitisha tena chini ya sindano. Njia hiyo inamfaa mwenye meza, umeme na kitambaa cha kuchagua. Mwenye mfuko wa mabaki, mkeka na sindano ya mkono anahitaji njia nyingine, na ipo. Tena ina undugu na pwani yetu.

Huko India, katika jimbo la Karnataka, wilaya ya Uttara Kannada, wanaishi Wasiddi. Ni watu wenye asili ya Afrika; mababu zao walichukuliwa kutoka pande zetu hizi za mashariki na kupelekwa ng'ambo ya bahari, wengi wakipitia Goa iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Wanawake wao hushona mfarishi wauitao kawandi. Hawakati miraba iliyo sawa wala hawatumii cherehani. Hutandaza sari kuukuu sakafuni kuwa mgongo, huanza kwenye pembe moja, wakazunguka ukingo wakiweka kipande baada ya kipande, na kushona mistari inayofuatana kuelekea katikati mpaka nafasi yote ijae. Kila pembe huwekewa pambo dogo la vitambaa vilivyokunjwa, liitwalo phula, yaani maua. Kwao kawandi lisilo na phula ni kama liko uchi.

Njia hii inatufaa kwa sababu kila hatua yake inavumilia ubovu wa vipande. Kipande cha shingo chenye umbo la mwezi, ukanda mrefu uliobaki kwenye pindo la gauni, pembetatu ya kwapa, vyote vinaingia bila kupunguzwa vikawa miraba. Kuunga, kujaza na kushona mistari hufanyika kwa mkupuo mmoja. Na kazi nzima inakaa mapajani, mtu akisubiri maharage yaive.

Lakini kabla ya sindano, uchaguzi wa kitambaa. Hapa ndipo mifarishi mingi huharibikia, nami naomba nikae kidogo.

Mfuko ukitoka kwa fundi, ukung'ute juani kwanza, kisha pitisha sumaku juu ya vipande. Sumaku ya spika mbovu ya redio inatosha. Sakafu ya fundi ina pini na ncha za sindano zilizovunjika, na ncha moja iliyofichika ndani ya mfarishi wa mtoto ni hatari isiyo na sababu.

Halafu tenga kwa aina, si kwa rangi. Weka kitenge na khanga pamoja, maana kwa kawaida ni pamba. Weka kando kila kinachonyooka kikivutwa, kama fulana na jezi. Kikishonwa pamoja na kitenge, kitenge hubaki palepale nacho hulegea, na baada ya kufuliwa mara tatu hutokea kitumbo. Satini, shifoni na bitana za kuteleza pia zikae kando, kwa kuwa kingo zake hufumuka hata kabla hujazikunja. Ukishindwa kutambua pamba na poliesta kwa mkono, chomoa nyuzi mbili tatu na uziguse kwa njiti ya kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu. Zikitoka zote mbili, yaani jivu lenye vidonge vigumu, kitambaa ni mchanganyiko. Kitumie, lakini usikipige pasi ya moto mkali.

Kisha fua kila kitu, hata kipande kipya kabisa. Pamba mpya hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, wakati khanga kuukuu imekwisha kurudi zamani. Ukivishona pamoja bila kufua, kile kipya kitarudi ndani ya mishono na kumvuta mwenzake. Matokeo ni makunyanzi ambayo pasi haiyatoi. Loweka vipande katika maji ya moto kwa nusu saa pamoja na kitambaa kimoja cheupe. Kitambaa cheupe kikitoka na rangi, kuna kipande kinachuja. Mara nyingi ni chekundu au buluu iliyokoza. Kitafute, kirudie peke yake mpaka maji yatoke meupe, na kama baada ya mara tatu bado kinachuja, kiache. Chumvi na siki, ambazo wengi huziamini, hazizuii rangi ya kiwandani ambayo haikushika vizuri tangu mwanzo.

Kwa khanga na mashuka kuukuu, shika kila kipande mbele ya mwanga. Panapoonekana kama chujio, kata utupe. Kitambaa kilichochoka hakishikilii mshono. Uzi utabaki mzima nacho kitachanika kandokando yake. Na khanga ikiwa na jina ambalo bado linasomeka, usilikate vipande vipande. Likate lote kama ukanda mmoja, lihifadhi, liwe kipande cha kufungia katikati. Nusu ya neno hapa na nusu kule humsumbua msomaji kila anapolala.

Sasa kazi yenyewe. Mgongo unaofaa kuliko wote ni upande mmoja wa khanga. Una kama sentimita 150 kwa 110, umeshafumwa na kukatwa, na unatosha mtoto au mtu mzima kujifunika miguu. Kwa kitanda cha futi 4 kwa 6, unganisha doti nzima, upande mrefu kwa upande mrefu. Utapata mgongo wa takriban sentimita 150 kwa 215.

Tandaza mgongo juu ya mkeka, upande wa ndani ukikuangalia. Juu yake weka tabaka la kati: kwa pwani, shuka moja kuukuu la pamba latosha, kwa Lushoto, Njombe au Makete, ambako Juni na Julai baridi huuma, blanketi jembamba lililochakaa. Tabaka hili likatwe liwe dogo kuliko mgongo kwa sentimita 2 kila upande. Ukunje ukingo wa mgongo juu yake kwa sentimita hizo 2 na kupiga bandi za haraka za kushikiza, au tumia pini zenye kufungwa, zile za nepi, kila baada ya sentimita 20. Bandi na pini hutolewa kadiri kazi inavyosogea.

Sufi ni laini na haina gharama kwa mwenye msufi wake, lakini hapa haifai. Nyuzi zake zinateleza, hazishikani, na mfarishi ukifuliwa sufi yote hukusanyika kwenye pembe moja. Vipande vya sponji navyo hunywa maji, hukaa na unyevu siku nyingi, mwisho hukauka na kuwa unga. Sufi na sponji mahali pake ni kwenye mto wenye foronya ya kuvua.

Uzi uwe wa pamba na uwe mnene kuliko wa cherehani: uzi wa kudarizi au ule wa kufumia vitambaa vya meza. Uzi wa cherehani ukikunjwa mara mbili hujisokota na kufunga mafundo yasiyokwisha. Kata urefu wa mkono, sentimita 50 hivi, usizidishe. Uzi mrefu hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno kabla haujaisha na huanza kulika katikati. Sindano iwe ndefu yenye tundu la kupitisha uzi huo bila kuulazimisha. Vaa kastabani, kile kikofia cha kukinga kidole, kwenye kidole cha kati. Asiyeivaa hushona siku mbili akaacha kwa maumivu.

Kanuni ya vipande ni moja na lazima ishikwe: ukingo utakaofunikwa huachwa ulivyo, na ukingo utakaofunika hukunjwa sentimita 1 kwenda ndani. Kipande cha kwanza kinakaa kwenye pembe. Kunja pande zake mbili za nje, ziweke sawa na ukingo wa mgongo, na pande mbili za ndani ziache bila kukunja. Kabla hujashona, ingiza phula chini ya pembe hiyo. Kata miraba 3 ya sentimita 8 yenye rangi tofauti, kila mmoja ukunje mara mbili uwe pembetatu, zipandishe moja juu ya nyingine kila moja ikiizidi mwenzake nusu sentimita, ncha zikitazama nje.

Mstari wa kwanza upite milimita 3 au 4 kutoka ukingoni. Sindano inaingia na kutoka kwenda mbele, ikikusanya mishono 3 au 4 ndipo uzi uvutwe. Mshono na nafasi yake kwa pamoja visizidi sentimita 1, na kila mara geuza uangalie kama sindano imeutoboa mgongo. Unapokaribia mwisho wa kipande cha kwanza, leta cha pili. Upande wake wa kuanzia umekunjwa, nao unakifunika kile cha kwanza kwa sentimita 2. Upande wa nje nao umekunjwa. Endelea hivyo kuzunguka pembe zote 4. Kipande cha mwisho cha mzunguko ndicho chenye mtego, maana kinakutana na cha kwanza, hivyo kikunjwe pande tatu: wa nje, wa kuanzia na wa kumalizia. Wanaosahau hapo hubaki na ukingo ulio wazi, na ufumukaji wote wa mfarishi huanzia mahali hapo.

Mstari wa pili hupita ndani ya wa kwanza, umbali wa sentimita 1 au 1.5. Unashona juu ya vipande vilevile mpaka ubakize sentimita 2 kufika kingo zake za ndani ambazo hazikukunjwa. Hapo unaanza safu mpya ya vipande, ukingo wa nje wa kila kimoja umekunjwa na kuifunika safu ya kwanza. Kipande cha sentimita 18 kwa 18, ukitoa mikunjo na sehemu inayofunikwa, huonyesha sentimita 15 kwa 15. Kwa khanga moja utahitaji vipande kama 70 vya ukubwa huo. Kwa uzito ni kama gramu 300 za pamba iliyokwisha chaguliwa, kwa hiyo omba kwa fundi kiasi cha kilo moja, nyingine utaiacha. Uzi, kwa mistari iliyoachana sentimita 1.5, ni kama meta 130. Kwa sentimita 1, karibu meta 200. Nunua wote siku moja, rangi moja. Anayeshona saa mbili kila jioni atamaliza kwa wiki mbili hadi tatu.

Kosa linalowavunja moyo wanaoanza ni mfarishi kuvimba katikati kama sufuria iliyofunikwa. Sababu yake ni kwamba kila mshono hula kitambaa kidogo, kwa hiyo kingo zilizoshonwa hufupika ilhali katikati bado ni kubwa kama ilivyokuwa. Uzi ukivutwa kwa nguvu, tofauti hiyo huongezeka maradufu. Dawa ni kuunyoosha mstari kwa kidole gumba kila baada ya sentimita 10, ili uzi ulale bila kubana, na kurudisha kazi yote sakafuni mwisho wa kila mzunguko. Ukiona mgongo umeanza kujikunja, fumua mistari miwili ya mwisho palepale. Asiyefumua siku hiyo atafumua wiki nzima baadaye, kwa sababu ziada hiyo haipotei, inasukumwa tu mbele hadi ikusanyike katikati.

Kosa jingine ni kipande kilichokatwa mshazari kuwekwa ukingoni. Kitambaa cha mshazari hunyooka, na ukingo wa mfarishi utakuwa na mawimbi. Kivute kidogo kwa mikono miwili. Kikinyooka kama mpira, kigeuze mpaka nyuzi zake zilizosimama zifuate ukingo, au ukipeleke ndani ambako mistari mingi itakidhibiti.

Mwisho hubaki tundu katikati. Lifunge kwa kipande kilichokunjwa pande zote nne. Kama ulihifadhi jina la khanga, hapa ndipo pake. Mafundo yafichwe kati ya tabaka, si mgongoni ambako yatamkwaruza anayelala.

Kwa anayetaka cherehani, sina ugomvi naye, ila ajue mambo machache. Miraba ya sentimita 12 yenye mshono wa sentimita 1 hubaki 10, na miraba 108 hutoa mfarishi wa mtoto wa sentimita 90 kwa 120. Ukikosea milimita 2 tu kwa kila mraba, safu ya miraba 12 itapishana na jirani yake kwa sentimita 2 na zaidi. Kwa hiyo kata kwa kielelezo cha karatasi ngumu, na kielelezo kikianza kulika kingo, tengeneza kingine. Sindano namba 14 inatosha kuunga vitenge. Kushona tabaka tatu pamoja kunahitaji namba 16 na mshono mrefu zaidi, milimita 3 hadi 3.5. Makunyanzi ya mgongoni hutokea kwa sababu meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini wakati mguu wake unakawiza cha juu. Punguza mkazo wa mguu, piga bandi kuanzia katikati kwenda nje kila sentimita 10, na mistari yote ishonwe kwa mwelekeo mmoja. Kazi ya mkono haina tatizo hili hata kidogo.

Wapo wanaosema kujifunika viraka ni kutangaza ufukara. Nawaomba watazame Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kilichozungukwa pande tatu na mto Alabama, ambako wanawake walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shambani zikiwa zingali na alama ya mfuko uliobanduliwa. Mwaka 2002 mifarishi hiyo iliwekwa kwenye maonyesho katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaichapa kwenye stempu. Mishono ni ileile iliyokuwa ikiwafunika watoto wao usiku.

Ufuaji. Mara ya kwanza maji baridi, peke yake, na sabuni kidogo. Usiukamue kwa kuusokota. Uzi wa mkono hukatika ndani usione. Ukanyage kwa miguu ndani ya beseni, uuache uchuruzike, kisha uanike juu ya kamba mbili zilizo sambamba ili uzito ugawanyike. Jua kali hupausha vitenge, kwa hiyo mgongo ndio utazame juu. Na ndiyo maana nasisitiza tabaka moja tu la kati. Mfarishi mnene haukauki wakati wa masika. Unashika ukungu, na harufu yake haitoki. Kukiwa na kunguni ndani ya nyumba, mfarishi wa pamba tupu unastahimili maji ya moto sana.

Kwa vikundi vinavyouza, nasihi bei ihesabiwe kwa saa za kazi. Wengi huhesabu uzi peke yake kwa kuwa kitambaa walipewa bure, wakauza jasho la wiki tatu kwa thamani ya blanketi la mtumba, kisha wakasema mifarishi hailipi.

Ombi langu kwa vyuo vya ufundi na walimu wa ushonaji ni kwamba somo la mfarishi lianze kwa mkono na lianzie ukingoni, cherehani ije baadaye. Kwa mafundi, wekeni mifuko miwili chini ya meza ya kukatia: mmoja wa pamba, mmoja wa vingine vyote. Kutenganisha wakati wa kukata ni kazi ya sekunde moja, kwa maana fundi anajua anachokikata. Vikishachanganyika, mama wa watu atakaa na kiberiti na sahani mchana kutwa. Vidogo kuliko upana wa vidole vitatu navyo viingie katika mfuko wa pamba; vikikatwakatwa vinajaza mito.

Fundi mshonaji,
Tanga